Nionyeshe Ulikopita: Hotuba Kuhusu Kompyuta Inayofanya Aljebra

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu na wanafunzi wa hisabati na kompyuta. Wengi mmeniandikia kwamba hamkuweza kufika, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Palipohitajika nimeandika hesabu yenyewe.

Mwenyekiti wetu, walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu nyote, hamjambo?

Nianze na swali. Ukigawanya 1 kwa 3 kwenye kikokotozi cha kawaida, unapata nini? Unapata 0.33333333, kioo kinajaa, basi. Sasa andika namba hiyo kwenye karatasi, uizidishe kwa 3. Unapata 0.99999999. Kile kipande kilichobaki kimekwenda wapi? Nani amekichukua?

Kazi yangu kwa miaka yote hii imekuwa kuiandikia kompyuta maagizo ili kipande kile kisipotee. Theluthi ibaki theluthi. Kipeuo cha pili cha 2 kibaki kipeuo cha pili cha 2. π ibaki π. Na x ibaki x mpaka mwenyewe useme x ni ngapi. Hiyo ndiyo aljebra ya kompyuta: mashine inashughulika na alama kama tunavyoshughulika nazo sisi kwa kalamu, bila kukimbilia desimali. Ukiitazama kwa nje ni jambo dogo. Ukiingia ndani ni bahari.

Mtaniuliza, kipande kidogo namna hiyo kinamdhuru nani? Mwaka 1988 Mjerumani mmoja, Siegfried Rump, alitunga fomula fupi yenye herufi mbili tu, a na b. Akaweka a = 77617 na b = 33096, akaipa kompyuta kubwa ya wakati ule. Kwa usahihi wa kawaida, kompyuta ikajibu 1.1726. Akaongeza tarakimu, ikajibu 1.1726. Akaongeza tena hadi kiwango cha juu kabisa cha mashine ile, ikajibu 1.1726, na desimali nyingine nyingi nyuma yake. Mashahidi watatu wamesema neno moja. Wewe ungekuwa hakimu, usingeamini? Basi jibu la kweli ni −54767/66192, yaani takribani −0.8274. Hata alama ya mbele haikuwa sahihi! Namba kubwa mno zilikuwa zinatoana ndani ya fomula, na kilichobaki baada ya kutoana ndicho kile kipande ambacho desimali zilikuwa zimekwisha kukitupa. Mashahidi wote watatu walikuwa wamekosea mahali pamoja.

Ndugu zangu, kabla ya mashine, kazi hii ilifanywa na binadamu, na naomba tumheshimu mmoja wao. Anaitwa Charles-Eugène Delaunay, mwanafalaki wa Ufaransa. Alitaka kuandika mahali ulipo mwezi kwa fomula. Hakutaka jedwali la namba, alitaka fomula yenye herufi, ili mtu yeyote aweke tarehe yake apate jibu lake. Jua linauvuta mwezi, dunia inauvuta mwezi, njia ya mwezi imeinama na haina duara kamili, na kila kimojawapo cha vitu hivyo kina herufi yake katika fomula. Delaunay alitumia kama miaka 20 katika kazi hiyo: kama 10 ya kukokotoa, kama 10 ya kurudia kila hatua kwa mkono wake ili kuhakiki. Vitabu viwili vikubwa vikatoka, kimoja mwaka 1860 na kingine mwaka 1867, na humo fomula moja inajaza kurasa baada ya kurasa.

Miaka 100 na ushei ikapita bila mtu kuthubutu kuirudia. Mwaka 1970 watafiti watatu, Deprit, Henrard na Rom, wakaipa kompyuta kazi ileile, alama kwa alama. Ilichukua kama saa 20. Na walimkuta Delaunay na makosa mangapi? Matatu. Mawili kati ya hayo yalizaliwa na lile la kwanza. Kurasa zote zile, kalamu, mshumaa, na kosa moja la asili!

Kila nikisimulia kisa hiki, wasikilizaji husifu kompyuta kwa saa zake 20. Mimi nasifu kitu kingine. Nasifu kwamba baada ya karne nzima kosa lilionekana, na lilionekana kwa sababu Delaunay aliandika hatua zake zote. Angeandika jibu peke yake, wale watatu wangepata fomula mbili zisizolingana na wasijue nani mkweli. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa niwapeleke jikoni kwenyewe, maana nisipowaonyesha hesabu moja kwa karibu nitakuwa nimewapigia hadithi tu.

Shule ya msingi tulijifunza KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika. KKS ya 12 na 18 ni 6. Njia nzuri ya kuitafuta ni ya kale sana, ya Euklidi: gawanya kikubwa kwa kidogo, chukua baki, gawanya kile kidogo kwa baki, endelea hadi baki liwe sifuri. Njia hiyo inafaa pia kwa polinomia, yaani vipeo vya x vilivyozidishwa kwa namba na kujumlishwa. Na programu yoyote ya aljebra huitafuta KKS mara nyingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kila inaporahisisha sehemu ni lazima ijue juu na chini pana nini cha shirika.

Chukueni hizi mbili. Ni mfano maarufu katika fani yetu:

x⁸ + x⁶ − 3x⁴ − 3x³ + 8x² + 2x − 5

3x⁶ + 5x⁴ − 4x² − 9x + 21

Namba zake ndogo, kubwa kuliko zote ni 21. Tufuate njia ya Euklidi, na kila mara tuzidishe kwanza ili sehemu zisitokee. Baki la kwanza ni −15x⁴ + 3x² − 9. Hapo hatuna tatizo. Baki la pili ni 15795x² + 30375x − 59535. Mnaona zinavyoanza kuumuka? Baki la tatu ni 1254542875143750x − 1654608338437500. Na baki la mwisho ni namba tupu:

12593338795500743100931141992187500

Tarakimu 35! Na kwa kuwa baki hilo ni namba tupu isiyo na x, maana yake polinomia zetu hazina chochote cha shirika. KKS ni 1. Tumepanda mlima huu wote kuja kuokota 1.

Hilo ndilo lililowasumbua waanzilishi wa fani hii miaka ya 1960. Swali ni dogo, jibu ni dogo, lakini katikati kuna uvimbe. Kumbukumbu ya kompyuta za wakati ule ilikuwa ndogo mno, na programu ilikuwa inakata roho katikati ya njia. Hata leo, ukiongeza herufi y na z, kompyuta yako ya kisasa itapiga magoti vilevile.

Je, dawa ikapatikana wapi? Kwenye saa ya ukutani. Saa 10 ukiongeza saa 5 unapata saa 3. Hakuna anayesema saa 15 kwa saa yenye namba 12, na hakuna anayeshangaa. Sasa tengenezeni saa yenye namba 13, kuanzia 0 hadi 12, kwa kuwa 13 ni namba tasa. Kwenye saa hiyo 21 inakuwa 8, −9 inakuwa 4, −3 inakuwa 10. Fanyeni Euklidi yote ndani ya saa hiyo. Namba haiwezi kuzidi 12 hata mfanye nini. Uvimbe hauna pa kukaa. Mwisho mnapata baki lisilo na x, na mnajua palepale kwamba KKS ni 1, kwa sababu kigawo cha kweli kama kingekuwepo, saa ya 13 isingeweza kukificha. Hesabu ya tarakimu 35 imegeuka hesabu ya nusu ukurasa.

Ngojeni, msipige makofi bado. Jaribuni saa ya 2, yaani witiri na shufwa tu. Nimeifanya kwa mkono, nanyi fanyeni mkifika nyumbani. Saa ya 2 inasema polinomia hizi mbili zina kigawo cha shirika: x² + x + 1. Ni uongo. Kigawo hicho hakipo. Saa ya 2 imeona undugu usiokuwepo. Namba tasa za namna hii tunaziita zenye nuksi, na kazi ya mtafiti ni kuthibitisha mambo mawili: kwamba kwa swali lolote ni chache, na kwamba ukikutana nayo utaitambua. Saa inaweza kuzidisha undugu. Ilimradi namba tasa uliyochagua haiigawi namba iliyo mbele ya x yenye kipeo kikubwa, saa haiwezi kuuficha undugu uliopo. Ukitumia saa kadhaa, ya 13, ya 17, ya 19, unayaunganisha majibu yake kuwa jibu moja kamili, kwa kanuni ambayo Wachina waliijua tangu zama za Sunzi, mwanahisabati wao wa kale.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Nataka mwanafunzi aliyeketi nyuma kule, anayedhani kuandika programu za hisabati ni kazi ya fundi na hisabati yenyewe iko kwingine, ajue kwamba hisabati yenyewe ndiyo hii. Kila mara unapobonyeza kitufe na jibu linatoka kabla hujapepesa macho, chini yake kuna thioremu ambayo mtu alikesha nayo.

Sasa nisimulie la kwangu.

Miaka kadhaa nyuma niliandika sehemu ya programu inayorahisisha vipeuo. Niliipenda sehemu ile. Ilikuwa fupi, safi, ya haraka. Usiku mmoja mwanafunzi nisiyemjua akaniletea swali. Alikuwa ameiomba programu itafute eneo lililo chini ya mchoro wa kipeuo cha pili cha (1 + cos x), kutoka 0 hadi 2π. Programu ikamjibu: 0. Akaniandikia: "Mwalimu, samahani kama ni swali la kijinga. Mchoro wote uko juu ya mstari. Eneo linakuwaje sifuri?"

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Nilisoma sentensi ile nikasimama wima. Kipeuo cha pili hakiwi hasi kamwe. Mchoro ule unagusa mstari mara moja tu, kwenye π, kisha unapanda tena. Eneo lake haliwezi kuwa sifuri hata kwa dawa.

Nikafungua msimbo wangu, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari. Ni kweli kwamba 1 + cos x ni sawa na 2cos²(x/2). Kwa hiyo kipeuo chake ni kipeuo cha pili cha 2, mara kipeuo cha cos²(x/2). Na hapo nilikuwa nimeandika kwamba kipeuo cha kitu kilichozidishwa kwa chenyewe ni kitu chenyewe. Hamjanishika bado? Chukueni −3. Izidisheni kwa yenyewe, mnapata 9. Toeni kipeuo, mnapata 3. Alama imegeuka! Kuanzia π kwenda 2π, cos(x/2) ni hasi, na programu yangu ikalihesabu eneo la nusu ya pili kama deni. Nusu ya kwanza ikaleta, nusu ya pili ikachukua, ikabaki sifuri. Jibu sahihi ni 4√2, yaani takribani 5.657.

Kosa lile lilikuwa langu, na lilikaa ndani ya programu muda mrefu kabla ya mwanafunzi yule kuandika. Kuna watu walioitumia kabla yake. Sijui ni wangapi walipewa jibu ambalo kwa bahati mbaya halikuwa sifuri, jibu linalofanana na ukweli, wakalichukua wakaenda nalo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini niambieni, yule mwanafunzi angefanya nini kama msimbo ungekuwa umefungwa? Angeambiwa jibu ni 0, na mlango ungeishia hapo. Mficha uchi hazai.

Msidhani programu kubwa za kulipiwa zimepona. Mwaka 2014 wanahisabati watatu wa Hispania, Durán, Pérez na Varona, waliandika hadharani yaliyowapata. Walikuwa wanakokotoa ditaminanti za matriksi, yaani namba moja inayopatikana kutoka jedwali la namba, na majedwali yao yalikuwa na namba nzima kubwa sana, hesabu ambayo haina desimali wala makisio. Programu moja maarufu, isiyoonyesha msimbo wake, ikawapa jibu. Wakaiuliza tena swali lilelile, matriksi ileile. Ikawapa jibu jingine. Namba nzima, swali moja, majibu mawili! Walitafuta kosa katika hisabati yao kwanza, kama ambavyo mtu muungwana angefanya, na wakapoteza muda mwingi kabla ya kugundua kwamba hisabati yao ilikuwa salama. Ndani ya programu hawakuweza kuchungulia.

Na kinyume chake pia hutokea, na hiki ni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Chukueni sin x gawanya kwa x, mtafute eneo lake kutoka 0 hadi pasipo mwisho. Ni π/2. Zidisheni ndani kwa kitu cha aina hiyohiyo, lakini x iwe x/3. Jibu: π/2. Ongezeni cha x/5: π/2. Cha x/7: π/2. Cha x/9, cha x/11, cha x/13: π/2, π/2, π/2. Nani hapa hajakwisha kuona mkondo? Ongezeni cha x/15. Programu inajibu π mara sehemu yenye tarakimu 30 juu na 30 chini, na thamani yake imepungua kuliko π/2 kidogo sana, kwenye desimali ya 11.

Wapo waliouona upungufu ule wakasema ni kosa la programu. Nani angewalaumu? Lakini programu ilikuwa sahihi. Wanahisabati David na Jonathan Borwein walieleza sababu katika makala ya mwaka 2001: jumlisha 1/3 + 1/5 + 1/7 na kuendelea hadi 1/13, unapata pungufu ya 1, kama 0.955. Ongeza 1/15, unavuka 1. Palepale panapovukwa 1 ndipo mkondo unapovunjika. Kikokotozi cha desimali 10 kisingeuona upungufu ule kamwe.

Kwa hiyo mara moja mashine imekosea nasi tukajilaumu, mara nyingine mashine imesema kweli nasi tukailaumu. Mtu atajuaje ipi ni ipi? Kwa kuwa maarufu? Kwa bei ya leseni? Mimi najua njia moja tu: nionyeshe ulikopita. Ndiyo njia ya Delaunay.

Joachim Neubüser, aliyeanzisha programu ya aljebra iitwayo GAP kule Aachen, Ujerumani, mwaka 1986, alilieleza hili kwa mfano nisiousahau. Thioremu ya Sylow, moja ya thioremu maarufu za aljebra, na uthibitisho wake, alisema, unaweza kwenda maktaba ukaisoma bure, kisha ukaitumia maisha yako yote bila kumlipa mtu. Kwa nini hesabu inayofanywa na programu iwe na sheria nyingine? GAP iko wazi hadi leo. Na nimtaje mwanahisabati William Schelter wa Texas. Kulikuwa na programu kongwe ya aljebra, Macsyma, iliyozaliwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. Schelter alilea tawi lake moja kuanzia mwaka 1982, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya kulitoa huria. Ndiyo Maxima. Alifariki mwaka 2001, na kwa kuwa mlango alikuwa ameshaufungua, wengine waliingia wakaendelea na kazi.

Vijana mnaoniuliza mnaweza kuanzia wapi: anzieni alipoanzia yule mwanafunzi. Chukueni swali ambalo jibu lake mnaweza kulipima kwa macho, mliulize, mtazame. Jibu likikataa, mwandikieni mwenye programu.

Baada ya kurekebisha kosa langu, niliongeza mstari mmoja kwenye faili la majaribio. Kila mtu anapobadilisha chochote katika programu ile, hata neno moja, mashine hupitia faili lote upya kabla mabadiliko hayajapokelewa. Inafika kwenye mstari ule, inaulizwa eneo la kipeuo cha (1 + cos x) kutoka 0 hadi 2π, na ni lazima ijibu 4√2. Pembeni ya mstari nimeandika tarehe na maneno ya yule mwanafunzi kama alivyoyaandika: mchoro wote uko juu ya mstari. Wenye kompyuta, tafadhali bakini; tukishamaliza maswali tutalifungua faili hilo pamoja, kila mmoja aliulize la kwake.